Kuimba kwa kalenda ya ziwa

Hapa Mwanza mtu akisema ni msanii wa kujitegemea, wengi husikia "bado hajapata lebo". Kana kwamba kujitegemea ni kituo cha kusubiria daladala. Mimi naona ni kazi kamili yenye utaratibu wake, na ugumu wake haupo pale wengi wanapoutafuta. Vipaji vimejaa kuanzia Igoma mpaka Nyegezi. Wachache ni wale wanaojua wimbo wao unavunjikia wapi: kwenye silabi, kwenye chumba cha kurekodia, kwenye karatasi ambayo haikuandikwa, au kwenye shoo iliyopangwa usiku ambao wasikilizaji wote wako majini.

Nawaandikia wanaotunga na kuimba wenyewe, kwa gitaa au kwa biti ya kwenye kompyuta, wasio na meneja wa kumpigia simu mambo yakiharibika.

Uzito wa neno

Kiswahili hukaza silabi ya pili kutoka mwisho. Tunafanya hivyo tangu tunaanza kuongea, ila biti ikishawaka watu husahau. Chukua mstari rahisi, "barabara ya Nyegezi". Ukiusema tu, uzito unakaa hivi: ba-ra-BA-ra ya Nye-GE-zi. Biti ikikulazimisha useme ba-RA-ba-ra, umeshatoka kwenye njia ya magari na kuingia kwenye barabara nyingine, ile yenye maana ya sawasawa kabisa. Msikilizaji hatakuonyesha kosa liko wapi. Atasema tu wimbo "haujakaa".

Kupima ni kazi ya dakika tano. Sema mstari bila kuimba, kama unavyomwambia konda unashukia wapi, na ujirekodi kwa simu. Sikiliza, piga kofi kila penye uzito. Halafu washa biti uone makofi yanaangukia wapi. Yakiangukia kwenye kiki na sneya, zile ngoma kuu za biti, endelea. Yakiangukia katikati, usihamishe uzito wa neno, hamisha neno lenyewe: tanguliza silabi nyepesi ("ile barabara", "na barabara") au anza nusu pigo mapema.

Vitenzi vina tabia yao. Kitenzi cha Kiswahili hubeba mizigo yake mbele. Nafsi, wakati na mtendwa vyote hutangulia ndipo uzito ufike. "Nilikukumbuka" ni silabi sita, ni-li-ku-ku-MBU-ka, na nne za kwanza ni nyepesi. Wimbo ukiwa na mapigo 90 kwa dakika, pigo moja ni kama sekunde 0.67. Silabi zile nne hukaa vizuri ndani ya pigo moja, kila moja robo yake, kisha MBU inatua juu ya pigo linalofuata. Ziache zikimbie. Ukizipa kila moja noti nzito, wimbo unageuka kwata. Hapa ndipo wanapokwama wanaochukua melodi ya wimbo wa nje na kuijaza maneno yetu: melodi ile ilishonwa kwa maneno mafupi ambayo uzito wake uko mwanzoni, wewe unaivalisha neno linaloanza kwa mbio.

La tatu ni la koo zaidi. Katika "mtu", "nchi" na "nne", silabi inayokazwa ni M au N yenyewe, sauti isiyofungua mdomo. Ukiweka "mtu" kwenye noti ndefu ya juu ya kiitikio, una njia mbili tu: kuguna huku mdomo umefumba, au kuvuta "tuuu" na kuliharibu neno. Badilisha mapema. "Watu" inafunguka. "Mtu wangu" inahamishia uzito wa kifungu kwenye "wa", nayo inafunguka. Na kwa noti ya juu kabisa, irabu rafiki ni "a". "I" na "u" zikipanda hubana koo la mwimbaji ambaye hajazoea. Vitenzi vyetu vingi vya asili vinaishia na "a", kwa hiyo mali unayo. Vile vilivyotoka Kiarabu, kama samehe, rudi na sahau, viwekee noti za chini au za kati.

Vina navyo vinadanganya kwa urahisi wake. Kwa kuwa vitenzi vingi vinaishia na sauti ileile, "simama, lima, sema" vinaonekana kuwa na kina kumbe vinagusana ncha tu. Kina chenye nguvu huanzia kwenye irabu iliyokazwa: nanga, mchanga, karanga. Yasome kwa sauti usikie tofauti. Halafu ona zawadi iliyomo ndani ya neno "nanga": kwa mvuvi ni chuma cha kusimamisha mtumbwi, na kwa watu wa Kagera ni ala ya nyuzi ya kuimbia habari za mashujaa. Ubeti mmoja unaweza kusimama juu ya maana hizo mbili bila kueleza chochote. Maneno kama hayo yako mengi huku kwetu. Mtunzi wa ziwani anayeandika "barafu ya moyo" kwa sababu ameisikia kwingine anaacha ghala lake wazi na kwenda kuomba unga kwa jirani.

Ukitaka kutia Kisukuma, kuwa mwangalifu. Kisukuma ni lugha ya toni: kupanda na kushuka kwa sauti ni sehemu ya neno, si pambo. Melodi ikishuka pale neno linapopanda, maana inafifia au inageuka. Kabla ya kurekodi, msomee mstari mzee wa Magu au Kwimba bila melodi, mwombe aurudie kwa namna yake, umrekodi, kisha uijenge melodi juu ya mwendo wa sauti yake. Ukifanya kinyume, yaani melodi kwanza kisha maneno, utaishia na Kisukuma cha mapambo. Na usiogope kwamba wa Mtwara hataelewa. Saida Karoli wa Kagera aliimba kwa Kihaya mwanzoni mwa miaka ya 2000 na nchi nzima ikaimba naye.

Kuhusu wasikilizaji, shule bora ya mkoa huu ni mashindano ya ngoma ya Bagika na Bagalu. Makundi mawili hucheza kwa wakati mmoja katika uwanja mmoja, na watu huamua kwa miguu: wanahamia upande unaowavutia. Manju wa upande unaopungukiwa anaona kwa macho watu wakimwondokea, na hapohapo anabadili wimbo, anatia utani, anatoa kioja. Ukienda Bujora, Kisesa, msimu wa Bulabo, sikukuu ya ngoma ya Wasukuma, mwezi Juni, usitazame wachezaji peke yao. Simama pembeni utazame umati, uhesabu ni dakika ngapi zinapita kabla watu hawajaanza kugeuza mabega. Kisha pima utangulizi wa wimbo wako kwa saa hiyohiyo.

Chumba na maiki

Nyumba zetu nyingi ni matofali ya saruji na sakafu ya vigae au saruji, na vyote viwili vinarudisha sauti. Piga kofi moja katikati ya chumba. Ukisikia mkia mwembamba unaolia "tsiing", ndio huohuo utakaokaa nyuma ya sauti yako kwenye rekodi, na hakuna programu itakayoutoa vizuri.

Kosa la kawaida ni kuweka kinga nyuma ya maiki. Maiki nyingi za kuimbia husikia mbele, na mbele yake uko wewe na ukuta ulio nyuma ya mgongo wako. Ukuta huo ndio wa kuzibwa. Simamisha magodoro mawili ya inchi 6 au zaidi kwenye kona, yakutane kama herufi V, wewe simama ukiyapa mgongo na maiki itazame kona. Mwongozo ni kwamba kitu chembamba hunyonya sauti kali tu: kanga na vitenge vilivyoning'inizwa vinaondoa ule mng'ao wa juu na kuacha mvumo wa chini, ndiyo maana sauti inatoka kama mtu yuko ndani ya debe. Trei za mayai hazina kazi yoyote. Nazitaja kwa sababu bado watu wanazinunua.

Umbali wa mdomo na maiki ni shubiri moja, kidole gumba mpaka cha mwisho. Ukisogea zaidi besi inavimba, ukirudi nyuma chumba kinaingia. Katikati weka soksi ndefu ya kike iliyovutwa kwenye waya wa hanga, maana P na B zetu zinapiga upepo. Jaribu kuimba "Bukoba" bila kinga uone mshale unavyoruka. Kwenye kompyuta, kilele cha sauti kisipite kati ya -12 na -10 dB wakati wa kurekodi. Wengi hupandisha mpaka karibu na sifuri wakidhani ndiyo nguvu, halafu kiitikio kikija kinapasuka, na sauti iliyopasuka hairekebishiki. Rekodi faili la WAV la 24-bit, kilohezi (kHz) 48.

Ukisikia mngurumo mzito usiokoma, huo ni umeme wa mizunguko 50 kwa sekunde unaopenya kwa sababu ya ethi mbovu au chaja ya kompyuta. Chomoa chaja, rekodi kwa betri. Ukiisha, umempata mchawi. Usipoisha, badilisha waya wa maiki kabla ya kununua kifaa kingine chochote.

Sauti yako kwenye hedifoni ikichelewa, punguza bafa, yaani akiba ya sauti ambayo programu hukusanya kabla ya kuitoa, iwe sampuli 128 wakati wa kurekodi. Kwa kilohezi 48 hiyo ni chini ya milisekunde tatu upande mmoja. Wakati wa kuchanganya irudishe 512 au 1024, kompyuta ipumue.

Bati na mvua ni adui anayejulikana. Machi hadi Mei na tena Oktoba hadi Desemba, panga kwamba gitaa litaingia kwa waya na sauti itarekodiwa siku kavu. Imba wimbo mzima mara tatu au nne bila kusimama, kisha chagua mistari bora. Kurekodi neno kwa neno kunatoa wimbo usio na pumzi, na mtu wa steji utakayekuwa mwezi ujao hataweza kuurudia.

Ukimaliza, toa kila chombo faili lake, yote yakianzia sekunde ya kwanza hata kama chombo kinaingia katikati. Jina la faili lieleze: jina la wimbo, mapigo, ufunguo. "Final_final2_mpya" itakutesa siku mtu anapotaka kufanya rimiksi. Nakala ziwe tatu, moja isiwe nyumbani kwako.

Karatasi kabla ya urafiki kuharibika

Wimbo mmoja uliorekodiwa una haki mbili. Moja ni ya utunzi, maneno na melodi. Ya pili ni ya rekodi yenyewe. Zinaweza kuwa za watu tofauti, na ugomvi mwingi wa studio unatokana na watu wawili kila mmoja akisema "wimbo ni wangu" huku wakizungumzia vitu viwili.

Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki namba 7 ya mwaka 1999 inaulinda utunzi tangu unapoutoa kichwani na kuuweka katika hali inayoonekana au kusikika, kwa maisha ya mtunzi na miaka 50 baada ya kufa kwake. Usajili COSOTA, ofisi ya hakimiliki, si ndio unaozaa haki. Ni ushahidi wa kuitetea, na kwa hiyo ufanye mapema, rekodi ikiwa bado haijatoka. Usajili wa msanii ni BASATA, Baraza la Sanaa la Taifa, na kwa shoo ya hadhara anza na afisa utamaduni wa halmashauri husika. Ilemela na Nyamagana ni halmashauri mbili tofauti, usipeleke barua ya Kirumba, iliyo Ilemela, mjini kati.

Siku ya kurekodi, kabla maiki haijawashwa, chukueni karatasi moja. Iandikwe jina la wimbo, tarehe, majina kamili kama yalivyo kwenye vitambulisho, nani ana asilimia ngapi ya utunzi, nani ana asilimia ngapi ya rekodi, sahihi. Kila upande ujumlike 100. Mfano: wewe umetunga maneno yote na melodi, prodyuza ametunga biti, mnaweza kukubaliana utunzi 70 kwa 30. Rekodi ni mazungumzo mengine. Ukimlipa prodyuza ada yote taslimu, iandikwe kwamba rekodi ni yako. Asipolipwa au akalipwa nusu, ana haki ya kudai sehemu, na ni afadhali adai leo mkinywa chai kuliko wimbo ukishafika redioni. Mpiga gitaa aliyekuja kupiga mara moja naye aandikwe: kalipwa kiasi gani na kamaliza, au anabaki na sehemu.

Mkataba wa lebo au wa msambazaji ukiletwa, tafuta vitu vitatu kabla ya kutazama pesa: muda, mahali, na rekodi inarudi kwa nani muda ukiisha. Sentensi inayosema haki zote, duniani kote, milele, haina kiasi cha pesa kinachoistahili.

Kuhusu kutoa wimbo nitapita haraka, maana mambo yake yako wazi. Kila rekodi hupewa namba ya utambulisho, ISRC, yenye herufi na tarakimu 12. Ukihama msambazaji, hama nayo. Ukipewa mpya, hesabu ya wasikilizaji inaanza sifuri. Picha ya jalada iwe ya mraba, pikseli 3000 kwa 3000. Jina lako liandikwe vilevile kila mahali, maana "K. Ziwa" na "K Ziwa" kwenye mtandao ni watu wawili. Pakia wiki nne kabla ya tarehe; Spotify, kwa mfano, hutaka angalau siku 7 ili wahariri wao waweze kuusikia, na siku za kurekebisha makosa zitahitajika. Usibane sauti kupita kiasi kwenye mastaringi, ile hatua ya mwisho ya kuandaa rekodi: Spotify na YouTube huisawazisha karibu na -14 LUFS (kipimo cha ukubwa wa sauti unavyosikika), kwa hiyo wimbo uliopigwa nyundo unashushwa na kubaki umechoka. Na mtangazaji wa redio mpelekee MP3 ya 320 yenye jina la wimbo, jina lako na namba ya simu ndani ya faili. Anapokea mafaili mengi kwa siku. Lisilo na jina halichezwi, si kwa sababu ya chuki.

Koo

Pasha sauti moto dakika 10 hadi 15: tetemesha midomo kama mtoto anayeigiza pikipiki, panda na kushuka taratibu, kisha guna, kisha imba mstari rahisi kwa sauti ndogo. Maji kidogokidogo siku nzima, si lita moja nyuma ya steji. Tangawizi na asali vinatuliza njia ya kumezea. Havigusi nyuzi za sauti, maana chakula na hewa vina njia tofauti. Sauti ikikauka, nyamaza. Kunong'ona si kupumzika, kwa wengi kunachosha nyuzi vilevile. Ukiwa na ukwaruzo unaopita wiki tatu, nenda ukaonwe na daktari wa masikio, pua na koo, hospitali ya Bugando wapo. Usiendelee kuimba juu yake.

Lini utaimba, na wapi

Msanii wa mjini hupanga shoo kwa mshahara: mwisho wa mwezi. Kwa baa za Kirumba na Nyegezi ni sahihi. Lakini mkoa huu una kalenda nyingine mbili, na anayezijua anapata wasikilizaji ambao hakuna tangazo lingempatia.

Moja ni ya pamba na mavuno. Juni hadi Agosti, Kwimba, Magu, Misungwi na ng'ambo huko Simiyu, mashamba yametulia, pamba inauzwa, na ndio msimu wa ngoma wa miaka yote. Kwa vijiji hivyo, Desemba watu wako shambani na mifuko imekauka.

Ya pili ni ya mwezi wa angani. Dagaa huvuliwa usiku kwa taa. Mwezi usipokuwepo, dagaa hukusanyika kwenye mwanga wa taa. Mwezi ukiwa mkubwa, nuru yake imeenea ziwa zima na taa haina nguvu tena. Kwa hiyo maisha ya kambi ya dagaa yana vipande viwili. Kuna giza, ambapo kila usiku wanaume wako majini na mwaloni, mitumbwi inakotia, kumebaki wapishi, wanaoanika na watoto. Na kuna mbalamwezi, kama siku saba hadi kumi kuzunguka mwezi mpevu, mitumbwi iko mchangani, nyavu zinashonwa, na watu wanatafuta cha kufanya jioni. Shoo ya kisiwani ni ya mbalamwezi, na zaidi siku zake tatu za kwanza. Baadaye wengi wameshasafiri kwenda makwao. Kuna kambi zinazopiga mahesabu kila siku na kuna zinazongoja giza liishe. Uliza, maana hapo ndipo utakapojua kama kiingilio kitalipika. Kambi za sangara zina mwendo wao, nazo uliza.

Mzunguko wa mwezi ni siku 29 na nusu, kwa hiyo hauendi na kalenda ya ukutani. Mwezi mpevu ukiwa tarehe 20 ya mwezi wa siku 31, unaofuata utakuwa tarehe 18 au 19. Bango lililoandikwa "kila Jumamosi ya mwisho wa mwezi" litakupeleka kambini kwenye giza, uimbie mbwa. Njia rahisi ni kalenda ya msikitini: mwezi mpevu huwa kwenye tarehe 14 au 15 ya mwezi wa Kiislamu. Zungushia tarehe 11 hadi 18 kila mwezi, ondoa Ramadhani, na umeshapata ratiba ya mwaka ya visiwani.

Vyombo vya kwenda navyo viwe vichache. Spika mbili za inchi 12 zenye amplifaya ndani, mikisa ndogo, maiki mbili, gitaa. Kwa hayo jenereta ya kVA 2.5 inatosha, na hunywa kama lita moja ya petroli kwa saa ikibeba nusu ya mzigo. Iweke mita 25 hadi 30, nyuma ya jiwe kama lipo. Mawe ya huku ni ukuta wa bure wa kuzuia makelele. Waya wa kurefushia uwe wa milimita 2.5 za mraba, ule mwembamba wa dukani utapasha moto na kushusha umeme. Washa jenereta, ingoje itulie, kisha stabilaiza, kisha mikisa, spika mwisho kabisa. Kuzima ni kinyume: spika kwanza. Anayezima mikisa kwanza huua spika kwa kishindo kile kimoja.

Kwenye boti, waya, mikisa na maiki viwe ndani ya pipa la plastiki lenye mfuniko wa kukaza. Mfuko wa rambo si kinga ya maji. Gitaa likae kwenye kesi ngumu, na usiku baada ya kupiga futa nyuzi kwa kitambaa kikavu, kila uzi juu na chini. Jasho na unyevu wa ziwa vinazila nyuzi haraka.

Upepo mchana huvuma kutoka ziwani kuja nchi kavu, usiku hugeuka. Kwa shoo ya usiku, steji ipe mgongo kijiji na itazame ziwa, watu wakae mchangani katikati. Upepo unabeba sauti kuwapelekea, na wazee waliolala hawatakuwa na sababu ya kumwita mtendaji.

Spika zikianza kupiga mluzi, usikimbilie kushusha kila kitu. Tazama mkono. Anayefumbata kichwa cha maiki kwa kiganja anaziba matundu ya nyuma, na maiki iliyokuwa inasikia mbele sasa inasikia pande zote pamoja na spika. Shika mpini. Spika ya kujisikilizia iwe nyuma ya mkia wa maiki, si ubavuni.

Nyimbo nane hadi kumi zinajaza dakika 40. Anza na wimbo wa mwendo wa kati ulio katikati ya sauti yako, ule wenye noti za juu kabisa uwe wa tatu au wa nne, koo likiwa limefunguka na halijachoka. Ukiuweka mwisho, utaushusha ufunguo mbele za watu.

Malipo yagawanywe kwa mpango uliosemwa kabla. Tuseme umelipwa shilingi 400,000. Toa kwanza nauli, petroli na chakula, tuseme 120,000. Zilizobaki 280,000 ndizo za kugawana, na fundi sauti yumo kwenye mgawo, si mtu wa kupewa chenji. Wengi hugawa 400,000 kichwani, kisha nauli ya kurudi inatafutwa kwa mkopo gatini.

Na kama shoo ni ya mjini, ufukweni, siku za giza, kumbuka wadudu wa ziwani. Huibuka kwa makundi mazito karibu na mwezi mwandamo na kufuata taa yoyote iliyo wazi. Taa kali ikiwa juu ya kichwa cha mwimbaji, watakuwa juu ya kichwa cha mwimbaji, na kiitikio chenye "a" ndefu ni mlango wazi. Weka taa moja kali nyeupe mita 15 hivi pembeni, upande usio na watu, iwashwe nusu saa kabla. Steji ibaki na taa hafifu za njano, zikimulika kutoka ubavuni, chini ya kifua.